Springi za Mama Mkwe

Kijumba kilipowekwa juu ya pikapu ya Ezbon Lukudu, gari lilikaa chini kwa nyuma kama mbuzi aliyegoma kwenda sokoni. Wanaume sita walikuwa wamekinyanyua na kukitua taratibu, na kabla hawajaondoa mikono, matairi ya nyuma yakapotea ndani ya bodi na bomba la moshi likagusa udongo. Watu wa kitongoji chao cha Gumbo waliokuja kutazama, na Gumbo hapakosi watu wa kutazama, walicheka mpaka wakashika mbavu. Ilikuwa Agosti ya mwaka 2016, wiki sita baada ya mapigano ya Julai, na watu walikuwa hawajacheka siku nyingi. Ezbon akawaacha wacheke.

"Mimi nilisema," alisema Cirillo seremala huku akifuta jasho. "Hii mbao iko mzito. Wewe ukasema hapana, taka mbao ya nguvu."

"Mimi nilisema nguvu. Sikusema jiwe."

"Nguvu ya mbao iko kwa uzito yake. Kama wewe nataka nyepesi, lete matete, mimi nafunga sasa hivi."

Cirillo alikuwa na sababu yake, ila hakuisema. Julai nzima alikuwa ametengeneza majeneza, ya mbao za mabaki, mepesi, ya haraka, misumari michache michache. Alipopata kazi ya kumjengea mtu aliye hai, alikwenda kuzitoa mbao ngumu alizokuwa amezificha chini ya kitanda chake tangu kabla ya vita, akazipiga randa siku tatu. Akaweka kitanda cha kamba, paa la bati, mlango mdogo wa nyuma wenye komeo, na dirisha. Dirisha halikuwemo katika mpango. Mwenye kijumba ndiye aliyelidai, kwa sauti iliyotoka nyuma ya uzio: "Mnitie dirisha. Jeneza ndiyo hapana dirisha."

Mwenye kijumba alikuwa Natalina, mama mkwe wa Ezbon.

Usiku wa pili wa mapigano, watu wa Gumbo walipokimbilia mashambani, Natalina aliangukia mtaro na kuvunjika nyonga. Mganga wa mifupa alimfunga vijiti, akafungua, akafunga tena, mwisho akatikisa kichwa. Teresina, binti yake mdogo aliyeishi Adjumani upande wa Uganda, alituma habari kwamba kuna daktari huko anayefunga nyonga kwa vyuma, lakini mama aletwe upesi, maana mtu mzima akilala wiki nyingi mgongoni, mapafu hujaa maji na habari yake huishia hapo. Barabara ya Nimule, ile ya kwenda mpakani, ilikuwa na watu wa kuvizia. Msafara wenye askari mbele na nyuma ulisemekana kuondoka Alhamisi. Siku hiyo ya kijumba ilikuwa Jumamosi.

Basi lilikuwepo, lakini Natalina hakuweza kuketi. Alipaswa kulala chali njia nzima. Na kumlaza kwenye pikapu wazi, kwa godoro, nyuma ya kioo ambamo mkwe wake angemwona kila akitazama nyuma? Hapo ndipo mambo yote yalipokwama. Ezbon alikuwa mtu wa kabila la Bari na Santina mkewe wa kabila la Madi. Walikutana ukimbizini Uganda, wakapendana kwa Kiswahili cha sokoni, na ndani ya nyumba yao kikabaki hicho hicho. Lakini kuhusu mama mkwe, adabu ya pande zote mbili ilikuwa moja. Hutazami uso wake. Huli mbele yake. Humtaji jina, naye hakutaji lako. Ukimwona njiani, unaingia majanini mpaka apite. Miaka kumi na minne Natalina na Ezbon waliishi kiwanja kimoja, uzio wa matete katikati, na Ezbon asingeweza kukuambia kama mama huyo bado ana meno yote.

Usidhani hawakuzungumza. Walizungumza sana, tena kwa furaha. Santina akiwepo, maneno yalipita kwake. Asipokuwepo, Natalina aliuambia mchi wake: "Wewe mchi, mwambie huyo mtu wa gari, mvua nakuja, aingize nguo." Na Ezbon naye, akiwa amelala chini ya pikapu, alijibu: "Wewe tairi, mwambie mama, asante, nimesikia." Majirani walikwisha zoea. Walipendana wawili hao, na kila mtu Gumbo alilijua hilo, isipokuwa labda mchi na tairi.

*

Jioni ile Ezbon alikaa mlangoni na kipande cha mkaa, akiandika hesabu ya mizigo juu ya ubao. Uzito wa kijumba aliujua sasa. Wa Santina, ambaye angekaa ndani na mama yake, aliujua pia. Watoto wao, Keji na mdogo wake, wangekaa mbele. Ubaoni palibaki mahali pawili patupu.

"Mama Keji," aliita kwa sauti ya chini, "mama yako nabeba vitu gani?"

Santina alikuwa akisonga unga. Hakugeuka. "Yeye nasema, vitu yake yote. Hapana kuacha."

"Jiwe ya kusagia?"

"Yote, nimesema."

"Na kasha?"

"Wewe Ezbon, si nimesema yote?"

Aliandika. Jiwe la kusagia, kasha la mninga walilolileta kutoka ukimbizini, vyungu vitatu, gunia la ufuta. Kisha akakuna kichwa, kwa sababu swali lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. "Na... yeye mwenyewe? Uzito?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Santina alimgeukia mumewe kwa macho ambayo Ezbon aliyaelewa vibaya, akadhani ni ya aibu. "Wewe nataka kumpima mama yangu kama muhogo?"

"Malesh, malesh," aliomba radhi. "Mimi nauliza kwa sababu ya springi."

"Mama ni mama. Weka springi ya mama."

Basi Ezbon akafanya kile ambacho mkwe yeyote mwenye adabu angefanya: akamkumbuka. Mara ya mwisho kumwona vizuri ilikuwa siku ya mahari, kabla adabu haijamfunga. Natalina alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la watu watatu, na hakuna aliyethubutu kumwomba asogee. Alicheka na benchi likacheka naye. Kule kambini, ukimbizini, alibeba madumu mawili ya maji, moja kichwani na moja mkononi, huku akiwatukana wagawaji wa chakula bila kuhema. Ezbon alimwandika kwa kipimo cha benchi lile. Halafu akaongeza kidogo, kwa sababu tangu hapo alikuwa amemlisha miaka kumi na minne. Hata miezi hii ya njaa, sahani ya kwanza ilipita juu ya uzio, ikarudi imekwanguka safi. Mtu anayekula hivyo, alijiambia, hawezi kupungua.

*

Jumatatu alivuka daraja, akapita mji mzima mpaka Gurei, kwa Albino muuza vyuma vya magari yaliyokufa. Albino alikaa katikati ya injini na milango kama mfalme wa makaburi, akinywa chai.

"Nataka springi," alisema Ezbon. "Za nyuma. Ngumu."

Albino alimwonyesha kwa mguu rundo la vyuma bapa vilivyopinda. "Hii ilitoka kwa lori. Gari yako gani?"

"Pikapu."

"Pikapu!" Albino aliweka kikombe chini. "Ndugu yangu, pikapu nabeba nini, tembo?"

"Mama mkwe."

Watu wawili waliokuwa wakichagua boliti walicheka. Albino hakucheka. Alimwangalia Ezbon kwa heshima, akainuka mwenyewe kwenye kiti, akaanza kuchagua.

"Mimi pia iko na mama mkwe," alisema. "Huyo hapimwi kwa kilo. Chukua vyuma viwili kila upande, changanya na vya zamani. Ukiweka kimoja, halafu gari ikalala njiani, utasema nini? Utamwambia nani?"

Pesa za kutosha hazikuwepo. Ezbon alimwachia Albino jenereta yake ndogo, ile aliyochajia watu simu pale Gumbo, akarudi na vyuma vinne begani, kwenye pikipiki iliyopiga kelele njia nzima kulalamika.

Siku mbili alifanya kazi ya jasho. Alinyanyua gari kwa jeki, akafungua springi zilizoshikana kwa kutu, akatoboa vyuma vya lori katikati, akavikata ncha, akavipanga chini ya vile vya zamani na kuvikaza kwa boliti mpya mpaka vikalia. Alipoteremsha jeki, pikapu ilisimama na makalio juu. Hata na kile kijumba kizito mgongoni, haikukubali kushuka.

"Gari yako nataka kuona nini mbele huko chini?" aliuliza mpita njia.

"Hilo gari linapiga magoti kanisani," alisema mwingine.

Ezbon alijaza magunia ya mchanga kwa kufuata hesabu ya ubaoni: moja la jiwe la kusagia, mawili ya kasha, moja la vyungu na ufuta, na mawili makubwa, yaliyojaa hadi mdomoni, ya mama. Aliyapanga juu ya kitanda na sakafuni, akamwita mwanamke mmoja jirani akae humo badala ya Santina, wakaenda mpaka njia ya Nimule na kurudi. Gari lilitembea kama mtu aliyevaa soksi. Shimo likija, lilishuka polepole na kupanda polepole. Ezbon alitamani kuimba.

Aliporudi akamkuta Poni amesimama kwenye geti la mabati, mtoto mgongoni na wawili wakimshika nguo. Poni alikuwa jirani. Mumewe alitoka Julai kutafuta maji na hakurudi. Ilikuwa mara ya pili kuja.

"Baba Keji, tafadhali. Mimi nakaa kwa mlango tu. Hii watoto ni wadogo, hapana uzito."

"Poni, mimi nilishasema. Mama iko mgonjwa, na vitu yake mingi. Gari imejaa."

Poni alitazama magunia ya mchanga yakishushwa, akatazama makalio ya gari yaliyopanda tena juu, akaondoka na watoto wake. Ezbon aliona haya kidogo, lakini haya ya kidogo hupita ukiwa na kazi mkononi.

*

Jumatano mchana wakampakia Natalina, ili alale humo usiku na msafara usiwaache asubuhi.

Kwa kuwa mkwe hapaswi kutazama, na kwa kuwa fundi hapaswi kukosa kutazama, Ezbon alichagua mahali ambapo mambo yote mawili yaliwezekana: chini ya gari. Alilala chali juu ya gunia, uso ukielekea springi zake. Kati ya springi na fremu paliingia vidole vinne. Kwa hesabu yake, mama na vitu vyake wakiingia, vingebaki viwili.

Aliona miguu ya Cirillo na ya wanaume wengine watatu ikija kutoka upande wa pili wa uzio. Alisikia Santina akisema, "Polepole, shika hapo, hapo." Miguu ikasimama. Mlango wa kijumba ukalia. Ezbon akaweka vidole vinne pale palipo wazi, akangoja kubanwa.

"Haya, mwingizeni," alisema.

"Tayari," alijibu Cirillo.

"Mko tayari? Basi mwingizeni."

"Mimi nasema iko ndani, Ezbon. Tumemaliza."

Vidole vinne vilikuwa vimekaa pale pale, vikicheza. "Na vitu yake?"

Cirillo, ambaye hakuwahi kukosa neno, akasema kwa taabu: "Na vitu pia. Iko kafurushi kamoja."

Ezbon alijua springi kuliko alivyowajua watu wengi. Springi haikupi pole, haikufichi kitu. Alivitoa vidole, akavirudisha tena, upande wa kushoto, upande wa kulia. Gari lilikuwa halijui kama kuna mtu amepanda. Hapo moyo wake ukamshuka, ukashuka kabisa, kwa sababu alielewa.

Uso wa Santina ulitokea chini, umeinama, machozi yamekwisha anza. "Baba Keji, toka huko."

"Mama yako iko wapi?"

"Iko juu, kwa kitanda."

"Yote?"

"Yote," alisema Santina.

Akamweleza pale pale, yeye amechuchumaa na mumewe amelala. Tangu bei ya unga ilipopanda, tangu mwaka jana, Natalina alikuwa akizigawa sahani zile. Sahani ikipita juu ya uzio, Keji na mdogo wake walipita chini yake. Mama alikula makombo, akazikwangua sahani yeye mwenyewe ili zirudi safi. Na wiki zile ambazo pikapu haikupata mzigo na Ezbon akajisifu kwamba mkewe anajua kubana matumizi, unga ule ulikuwa kasha la mninga lililouzwa. Halafu vyungu. Halafu jiwe la kusagia, ambalo lilinunuliwa na mama mmoja wa mtaa wa Mangateen. Gunia la ufuta lilikuwa limeliwa zamani.

"Na wewe unaniambia vitu yote!"

"Yeye alinikataza. Alisema, huyo mtu anafanya kazi kama punda. Akijua mimi nakonda, atasema ameshindwa kulisha mama mkwe, na aibu itamuua. Alinifunga mdomo, Ezbon. Mama yangu alinifunga mdomo."

Ezbon hakutoka. Mwanamume mzima alilia chini ya gari lake, mafuta na machozi vikichanganyika masikioni, na kitu kilichomuuma zaidi ni yale magunia mawili makubwa, yaliyojaa hadi mdomoni.

Kutoka juu, kupitia mbao ngumu za Cirillo, ikasikika sauti nyembamba ambayo hakuwa ameisikia ikiwa karibu hivyo. "Wewe dirisha, mwambie huyo mtu wa gari, nyumba yake mzuri. Napata upepo."

*

Walikwenda kujaribu gari, mama akiwa ndani. Kutoka getini mpaka njia kuu si mwendo hata wa kuchemsha chai, lakini springi za lori zilizopimwa kwa mzigo ambao haukuwepo hazikukubali kuinama kwa ajili ya mwanamke mwepesi. Kila shimo lilirudi juu lote kama lilivyo. Natalina hakulia. Kumlilia mkwe masikioni ni kumvunjia heshima, kwa hiyo alinyamaza, na Ezbon, akisikia kimya kile, alidhani mambo ni nafuu. Ni Santina aliyegonga ukuta kwa ngumi. Walipofungua mlango, kitenge cha mama kilikuwa kimetoboka pale alipokiuma.

Kuzifungua tena springi zile na kuzifunga kungemaliza siku nzima, na msafara ungeondoka asubuhi. Ezbon alisimama katikati ya kiwanja. Gari lilihitaji uzito. Mchanga ulikuwepo, umelala kwenye magunia yake karibu na uzio, tayari. Aliliinua gunia la kwanza. Alifika nalo hadi mlango wa kijumba, akalishusha, akaona aibu, safari hii si kidogo. Abebe mchanga mpaka Uganda, na Poni abaki Gumbo?

Alimkuta Poni akichambua majani ya mchicha.

"Poni," alisema, na maneno yakakataa kupanga mstari. "Mimi nakuja kuomba. Kesho, kama wewe bado nataka... Na watoto. Na vitu yako yote, kama iko mzito, mzuri zaidi. Gari nataka uzito. Mama naumia."

Poni aliacha kuchambua. "Jana mimi nilikuwa mzigo. Leo mimi iko dawa?"

"Ndiyo."

"Wewe Ezbon hapana haya."

"Haya iko, Poni. Iko mingi. Njoo tu."

Poni alitupa mchicha ndani ya ungo, akaanza kucheka, akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. "Mwambie mama Keji, mimi nakuja na kinu. Na dada yangu mnene, yule wa nyumba ya pili. Nyinyi mtaomba springi isivunjike."

*

Alhamisi msafara uliondoka Gumbo, magari thelathini na zaidi. Kijumba kilikuwa na wanawake wanne, watoto watatu, kinu, sufuria na magodoro, na Ezbon alipopenyeza vidole chini ya fremu kabla ya kuwasha injini, viliingia viwili. Gari lilishuka na kupanda kwa adabu. Dada mnene wa Poni alikaa pembeni mwa kitanda, akamshika Natalina kiuno kila shimo lilipokuja, akimwita "mtoto wangu" ingawa ni mdogo kwake kwa miaka thelathini. Kutoka nyuma, Ezbon alisikia vicheko mara mbili. Alikuwa hajasikia kitu kitamu hivyo tangu Juni.

Mbele ya safari, msafara ukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari walitaka kila mtu ashuke, kila kitu kifunguliwe. Silaha zilikuwa zikipitishwa njiani, walisema.

"Ndani iko mgonjwa," alisema Ezbon. "Nyonga imevunjika."

"Wote chini. Hata mgonjwa."

Wanawake walishuka, watoto wakashuka. Santina na Poni wakajaribu kumwinua Natalina, na kwa mara ya kwanza mama huyo akatoa sauti ya maumivu, ndogo, ya mnyama. Mlango ulikuwa mwembamba. Alihitajika mtu mmoja mwenye mikono mirefu. Askari kijana akamnyooshea Ezbon kidole. "Wewe mwanaume umesimama hapo kama mlingoti. Mshushe."

"Huyo ni mama mkwe wake," alisema Santina. "Hapana kumshika. Hapana hata kumtazama."

Uso wa askari yule ulibadilika. Alikuwa ametoka kwa watu wenye mama wakwe pia. Akatupa jicho kwa mkubwa wake aliyekuwa akipiga kelele gari la mbele, akamsogelea Ezbon, akasema kwa sauti ya chini: "Basi fumba macho, ndugu. Fanya haraka."

Ezbon akafumba macho. Poni akamwongoza kwa sauti: mkono mbele, chini kidogo, hapo ni goti, pitisha chini ya mgongo, sasa inua. Natalina alijifunika uso wote kwa kitenge. Ezbon akamtoa, akasimama naye juani mikononi, macho yamefumbwa, wakati askari wakigonga mbao za Cirillo kutafuta bunduki. Uzito wake alikuwa ameshaujua kwa vidole tangu jana, lakini mikono ilipata habari upya. Ilikuwa kama kubeba nguo zilizoanuliwa. Vidole vya mama vilishika kola ya shati lake na havikuachia.

"Malesh, mama," alinong'ona, na akakumbuka amesema moja kwa moja, bila tairi. Kola ilivutwa kidogo, basi.

Waliporuhusiwa, alimrudisha kitandani vile vile, gizani mwa macho yake, Poni akimwelekeza. Hakuna aliyecheka. Hata mkubwa wa askari aliyekuja kuona kinachochelewesha foleni aligeuka akaangalia milima.

*

Daktari wa Adjumani alimtia vyuma nyongani. Alisema mfupa utashika, lakini mwenye mfupa hana nyama ya kuuvika. Ale, vinginevyo kazi yote ni bure. Teresina akaleta mayai, maziwa, samaki. Natalina alionja vijiko viwili na kusema ameshiba, akauliza watoto wamekula nini. Siku tatu hivyo. Santina alilia kwenye korido. "Mama amesahau kula," alimwambia mumewe. "Yeye nadhani kila sahani iko ya mtu mwingine."

Ezbon alipaswa kurudi. Nyumba tupu Gumbo haikai wiki mbili bila kupata mwenye nyumba mpya, na msafara wa kurudi ungeondoka Jumanne. Santina na watoto wangebaki. Poni alikwisha andikishwa kambini. Pikapu ilirudi kuwa na kijumba kitupu na makalio juu, na mwendo wa kilomita zaidi ya mia mbili juu ya springi zile tupu ulikuwa adhabu ya mgongo. Tena Albino alikuwa ameahidi: ukirudisha vyuma, chukua jenereta yako. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi Ezbon alitandika gunia chini ya dirisha la wodi, mahali pekee penye kivuli, akapiga jeki, akaingia chini na spana. Vyuma vilianza kulia.

Ndani, Natalina alikuwa ameketi kwa mito, sahani mapajani. "Kelele gani hiyo?"

"Ezbon natoa zile springi," alisema Santina. "Mzigo hapana tena. Anarudi mtupu."

Spana ikalia tena nje. Natalina akaweka mkono kwenye kizingiti cha dirisha, akajivuta, akatoa kichwa chake cheupe juani. Pale dirishani palikuwa na bakuli la kusemeshwa. Palikuwa na Santina. Hakumtumia yeyote.

"Ezbon."

Chini ya gari spana ilianguka. Miaka kumi na minne hakuwahi kusikia jina lake kwa sauti ile.

"Ezbon, wewe hapana kutoa hiyo springi."

Alijikokota nje, mweusi kwa mafuta, hajui aangalie wapi. Aliangalia ukuta. Kisha, kwa kuwa ameitwa kwa jina lake, akaangalia juu. Uso ulikuwa mdogo sana, mifupa na macho tu, nao ulikuwa ukimtazama yeye, bila kitenge.

"Mama, gari iko tupu," alisema. "Itaniua mgongo."

"Ikuue. Wewe ulipima mimi vibaya?"

"Nilipima vibaya, mama. Nilikupima kwa benchi ya mahari."

"Basi ulipima vizuri." Natalina aliinua sahani ya samaki, akaiweka juu ya kizingiti ili aione vizuri, akamega kipande kikubwa na kukitia mdomoni, mbele ya mkwe wake, akatafuna, akameza. Akamega kingine. "Mimi nataka kurudi Gumbo. Hapana kufia hapa. Wewe utakuja kunichukua na gari ile ile, na mimi nitakuwa mzito, na springi italala chini. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Funga nati yangu."

Ezbon akarudi chini, akaikaza ile moja aliyokwisha ilegeza, akateremsha jeki. Kesho yake akaondoka na msafara. Mashimo ya njia ile yalimrusha mpaka kichwa kikagonga paa, askari wa kila kizuizi waliicheka pikapu yenye makalio juu, na alipofika Gumbo hakuweza kuketi siku mbili. Cirillo alimuuliza kwa nini hajatoa vyuma vya watu. Ezbon alimjibu kwamba bado iko mzigo moja njiani.